Maganda ya Maboga na Ng'ombe wa Wifi

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa maboga. Mahindi tulivuna, tena mengi, lakini malori yaliyapakia yakaenda Tunduma kuvuka mpaka, na sisi huku Igamba tuliouza kwa pupa tukabaki tunatazamana. Basi tukala maboga. Asubuhi boga na chai, mchana boga na maharage, jioni majani ya boga na kaugali kama ngumi ya mtoto. Hata mchungaji alipokuja kututembelea alipakuliwa boga, akaliombea kwa sauti ndogo. Ukimuuliza mtu wa kwetu mwanawe alizaliwa lini, atakwambia: huyu ni wa maboga.

Palipo na maboga pana maganda, na maganda ndiyo yaliyonitia katika jambo hili.

Nimesoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu umeinama kama ua lililochoka. Ila ng'ombe nawajua. Baba yangu hakuwa na mtoto mkubwa wa kiume, kwa hiyo niliyechunga ni mimi. Nami nikamlea mjukuu wangu wa kike, mama yake alipokwenda Saza kutafuta maisha kwenye dhahabu, nikamfundisha zizini kabla hajajua kuandika jina lake. Nilimfundisha kumfinya ng'ombe mgongoni, pale mabega yanapokutana. Mzima ukimfinya kwa nguvu anabonyeza mgongo, anashuka kidogo, kama mtu anayepita mlango mfupi. Aliyemeza chuma habonyei. Anakaza mgongo, anaguna, maana akibonyea kinamchoma ndani. Mtoto yule aliwafinya ng'ombe wangu mpaka wakawa wakimwona wanakimbia. Leo ni daktari wa mifugo, ana pikipiki na mabuti, wanaume wazima wanamwamkia. Huyo ni wa kwangu. Nimeandika hilo mapema lisije likasahaulika.

Sasa wifi yangu. Ni dada wa marehemu mume wangu. Aliishi Tunduma miaka mingi akiwauzia Wazambia vitenge, akarudi uzeeni na makochi, na ng'ombe wa kisasa, mweusi mwenye mabaka meupe. Akajenga juu ya kilima. Mimi niko chini, karibu na kijito. Ng'ombe wake alimwita kwa Kibemba, "Isa kuno, isa kuno," yaani njoo huku, kana kwamba Kinyiha chetu kingemharibia maziwa.

Kabla hajaja, mimi nilikuwa Bibi. Basi. Alipokuja, mjukuu wangu akawa na bibi wawili, ikabidi atutofautishe: yule bibi wa juu, mimi bibi wa chini. Hakukusudia ubaya, ni kilima tu kilivyo. Lakini mtu uliyemfulia nepi akuite wa chini, hebu jaribu uone.

Zamani kila Jumamosi pikipiki ilisimama kwangu kwanza. Sasa niliusikia mlio unanipita, unapanda. Ng'ombe wa wifi alikuwa na mambo: leo kiwele kimevimba, kesho kwato, mara kupe wamemletea homa. Mjukuu anampiga picha, anaituma kwenye simu, katika grupu la madaktari wa mifugo wa nchi nzima. Humo wanapeana habari: ugonjwa gani umeingia wilaya ipi, dawa ipi imeanza kushindwa, nani ana mgonjwa asiyemwelewa. Kisha wanabishana. Nilizisikia sauti zao mwenyewe. Mmoja yuko Kagera, mmoja Tanga, wote wanajadili chuchu za ng'ombe wa wifi yangu, na wifi ameketi kwenye kochi, kifua mbele, kama mama wa bibi harusi.

Nikamwambia mjukuu, "Na wangu je? Nao wapige picha."

Akawatazama ng'ombe wangu wa kienyeji, wamesimama wanacheua. "Bibi, hawa ni wazima."

"Ndiyo kosa lao?"

"Sasa niwaambie nini madaktari? Kwamba kuna ng'ombe anakula majani?"

"Waambie anakula vizuri."

Akacheka. Mimi sikucheka. Jioni ile nililitazama dume langu nikatamani angalau lichechemee.

Ni mjukuu huyo huyo aliyesema maganda ya maboga yasitupwe, apelekewe ng'ombe wa bibi wa juu, yatamwongezea maziwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilipanda kilima na ndoo. Mimi na miguu yangu hii, mtumishi wa ng'ombe. Ndoo yenyewe mshikio wake ulikuwa umekatika siku nyingi. Nilifunga waya, nikauzungushia mpira wa baiskeli usinikate vidole. Asubuhi moja nilifika juu nikaona waya umekatika na kipande hakipo. Nikasema kimeanguka njiani. Nikamwaga maganda horini, nikateremka. Sikutazama mara mbili. Wangekuwa ng'ombe wangu, ningetazama. Hilo nalijua, na hakuna haja ya mtu kuniambia.

Baada ya kama wiki mbili maziwa yakapungua, ng'ombe akagoma kushuka kijitoni kunywa maji. Madaktari wakaanza. Mmoja akasema ndigana, ile homa ya kupe. Mwingine akasema gesi tumboni. Wa tatu akauliza amekula nini, wifi akaisogelea simu akajibu kwa madaha, "Anakula kama sisi, baba. Maboga."

Mimi nilikuwa nimesimama nje ya ua. Nilimwona ng'ombe alivyosimama: miguu ya mbele ameiweka kwenye mwinuko, viwiko ameviachanisha na mbavu, kama mtu mwenye jipu kwapani. Nilijua pale pale. Nikanyamaza. Nikajisemea, wana simu, acha simu iseme. Nilinyamaza siku nzima na asubuhi yake, ng'ombe wa watu anaumia, nami nafua nguo zangu kijitoni.

Asubuhi hiyo mjukuu alikuja na daktari mwenzake kutoka Vwawa, nikapanda nao na ndoo yangu. Yule mwenzake alikuwa anarekodi kwa simu, aitume kwenye grupu. Mjukuu akaweka mikono miwili pale mabega yanapokutana, akafinya. Ng'ombe hakubonyea. Akaguna, mguno mfupi, kama mtu aliyetwishwa gunia. Akamfinya tena. "Hii nilifundishwa na bibi yangu," akasema.

Na kwenye picha, nani anaonekana ameshika kamba ya ng'ombe, amejifunga kitenge kipya? Wifi. Mimi nilikuwa nyuma ya simu, karibu na rundo la samadi. Nchi nzima ikaamini bibi ndiye yule. Hongera zikamiminika. Hongera bibi. Bibi huyu apewe cheti. Bibi huyu aje atufundishe na sisi. Wifi alizisikiliza zote, akatabasamu, hakumsahihisha mtu.

Wakamchoma ng'ombe sindano za ganzi ubavu wa kushoto, wakamchana akiwa amesimama. Mjukuu wangu akazamisha mkono mpaka begani, ndani ya tumbo kubwa, akapapasa kwenda mbele hadi kile kitumbo chenye vyumba kama sega la nyuki. Alifumba macho. Hilo nalo nilimfundisha mimi, ukipapasa fumba macho. Akatoa waya wenye urefu wa kidole, ncha inang'aa, na kipande cha mpira mweusi wa baiskeli kinaning'inia.

Akautazama. Akaitazama ndoo yangu pale uani. Akanitazama mimi. Akauosha, akaufunga kwenye nailoni, akarudi kushona.

Ng'ombe alipona. Jumamosi iliyofuata pikipiki ikasimama kwangu kwanza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea njia?"

Akavuta kigoda akaketi. "Bibi, madaktari wanauliza waya ulitoka wapi. Wanataka kuwaonya wafugaji, maana mwaka huu kila mtu analisha maganda. Tena wanataka kumjua bibi aliyenifundisha kufinya. Nataka niwaambie ni wewe. Useme kwa sauti yako: niliyemfundisha ni mimi, na waya ulikuwa wangu. Dakika moja tu."

"Nitasema la kwanza."

"La kwanza bila la pili ni nusu uongo, bibi."

"Wifi yangu anakula uongo mzima, mbona anashiba?"

Akainamisha kichwa kuficha kicheko, lakini simu hakuiondoa. Ilikuwa mbele ya mdomo wangu, taa yake inawaka. Mwaka mzima nilitaka sauti yangu ifike Kagera na Tanga. Sasa imepata njia, na njia ina waya ndani yake. Nikiusema, nitakuwa bibi aliyelisha waya. Na hapa kijijini, ambako kila mtu anajua jinsi ninavyokitazama kilima kile, watasema niliutia makusudi. Sikuutia makusudi. Lakini nilinyamaza makusudi, na aliyefanya moja nani atamwamini kwa jingine?

Nikamwambia, "Waya ni waya, na bibi yako ni mimi. Sisemi."

Siku za dawa zilipokwisha na maziwa yakaruhusiwa kunywewa, wifi aliteremka mwenyewe na jagi.

"Wifi, ule mpira niliutambua," akasema akiwa bado mlangoni. "Ndoo yako nani asiyeijua?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, hongera angepewa nani?" Akacheka mpaka akashika nguzo. "Tufanye hivi. Wewe sema waya, mimi nitasema sijafinya ng'ombe tangu nizaliwe. Nilikuwa nafinya vitenge."

Nikayaonja maziwa. Yalikuwa matamu, na hilo nalo likaniuma. Jagi lake nililiosha nikamrudishia bila jibu, akapanda kilima chake polepole, anaimba.

Mwaka huu tunakula ugali tena. Ndoo yangu ina mshikio mpya wa dukani. Ule waya mjukuu ameuweka ofisini kwake, ndani ya chupa, anawaonyesha wafugaji, anawaambia ulitoka kwenye maganda. Ya nani, hasemi. Yeye hanitaji na mimi sijitaji, na hongera bado ziko kilimani.

Karatasi ni tofauti. Karatasi haiulizi swali la pili, na wifi yangu hasomi. Lakini Jumamosi iliyopita mjukuu alikuja, akaegesha pikipiki, akaikuta karatasi hii mezani, akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akatoa simu mfukoni.

"Bibi," akasema, "umeshayaandika. Basi yasome tu, wasikie."

Nikaikunja karatasi, nikaitia kifuani.

"Waya ni waya, na bibi yako ni mimi. Sisemi."