Mfungo Ndani ya Bawa la Ndege

Kwa miaka ishirini na saba Gashe Dagnachew, "Gashe" tukimwita kwa heshima ya umri wake, aliingia ndani ya mabawa ya ndege. Mwili wake mwembamba ulipita kwenye tundu ambalo wengi wetu tungepitisha kichwa na mkono tu. Humo, ndani ya tangi lililokwisha kumwagwa mafuta na kupulizwa hewa safi, alilala chali na kukaza vibano vya mabomba, kimoja baada ya kingine. Katika karakana yetu ndogo ya Dire Dawa, ambako joto la mchana hulainisha hata gundi ya viatu, hakuna aliyeitamani kazi hiyo. Yeye aliipenda. Alisema kwamba ndani ya bawa sauti za dunia hufika zikiwa zimeoshwa: nyundo ya mbali huwa tone la maji, na pumzi yako mwenyewe katika barakoa huwa kama ya mtu mwingine aliyelala karibu nawe, asiyekudai neno.

Wakati wa mfungo mkuu wa Wakristo kabla ya Pasaka aliipenda zaidi. Kwa siku hamsini na tano hakugusa nyama, wala hakutia kitu kinywani, hata maji, kabla ya saa tisa alasiri. Ferhan, fundi Mwislamu aliyekaa nje ya tundu kumlinda, hakuchoka kumtania.

"Gashe, sisi siku thelathini tu, tunakula nyama yetu. Nyinyi mnafunga mpaka achoke nani?"

"Tumbo limeshachoka zamani," sauti ilijibu kutoka ndani ya bawa. "Liliomba likizo, nikalinyima."

Jumatano moja ya wiki ya tano, yapata saa saba mchana, alikuwa ndani ya bawa la kushoto la ndege ya mizigo iliyotakiwa kuondoka kesho yake. Mwanga wa tochi ulitanda juu ya mbavu za bawa kama asali. Akamwona marehemu mama yake akifagia uani, taratibu, na vumbi lililopanda likawa na rangi ya mwanga uleule. Kahawa ilikuwa ikikaangwa mahali fulani. Mama hakugeuka, na yeye hakumwita, kwa kuwa palikuwa na utulivu ambao hakutaka kuuharibu. Alipozinduka, spana ilikuwa mkononi, na kwenye karatasi ya hatua, mbele ya kibano cha kumi na nne, palikuwa na alama ya vema. Mwandiko ulikuwa wake. Hakukumbuka kuuandika, wala hakukumbuka kukaza kibano.

Alitoka. Zana zilihesabiwa, zikatimia. Tundu likafungwa, naye akatia saini.

Saa kumi, baada ya kula mkate wake wa injera na mchuzi wa shiro, alikuja kwenye meza yangu, ninapopokea fomu za taarifa za hatari.

"Mwanangu Emebet, mtu akiota yu macho, kuna fomu yake?"

"Ipo moja tu, Gashe, ya mambo yote."

Aliandika kwa uangalifu: ndege, bawa, kibano, saa. Mstari wa mwisho uliuliza ni nini kilichochangia. Aliuacha wazi, akaweka kalamu chini.

"Na huo, Gashe."

"Huo ni wangu na Mungu."

"Mungu hahitaji fomu. Sisi ndio tunaoihitaji."

Aliutazama mlango, ambako jua lilikuwa limelala sakafuni. "Nikiandika mfungo, watanitoa ndani ya bawa. Nitafanya nini huku nje?"

Ningeweza kumwambia kwamba hakuna anayeadhibiwa kwa kutoa taarifa, nayo ni kweli. Lakini sikuweza kumwahidi kwamba angebaki ndani ya bawa. Nikamwambia jambo nililolijua: "Nikiipeleka hivi, watafungua tundu na kukikaza kibano. Kesho kutwa utaingia tena na njaa ileile."

Nje, upepo ulilizungusha pangaboi la injini moja pole pole, kama mtu anayegeuka usingizini. Kisha akaandika: *Sikuwa nimekula tangu jana saa kumi. Niliota.*

Ndege ilizuiwa. Mafuta hayakuwa yamejazwa bado, lakini ilibidi tangi lipulizwe hewa upya na kupimwa, na jua lilikuwa linazama Hirut alipoingia. Hirut alikuwa fundi wa mwaka mmoja tu, mwembamba kama Gashe. Sote tulisimama chini ya bawa.

"Cha kumi na nne kimekazwa!" alipaza sauti. "Kipimo ni sawasawa!"

Ferhan alipiga makofi. "Gashe, umetuchelewesha kula kwa ajili ya ndoto!"

Watu walicheka. Gashe Dagnachew hakucheka.

Asubuhi, mhandisi mkuu Woldesenbet aliisoma fomu mara mbili, akamwita. "Sikulaumu," alisema. "Ila kuanzia leo, anayefunga haingii tangini. Kula asubuhi uingie, au funga ukae nje mpaka Pasaka. Chagua."

"Nitafunga, mhandisi."

Mafundi wawili waliokuwa wakifunga waliacha kumsalimu. "Umeiandika imani kwenye karatasi ya hitilafu," mmoja alimwambia mbele yetu. Gashe alichukua kiti cha Ferhan, akakiweka chini ya tundu na kuketi, mikono yake imelala magotini kama zana zilizorudishwa ghalani.

Kazi ya mlinzi ni kumwita aliye ndani kila baada ya dakika chache. Siku hiyo ya kwanza, Hirut akiwa ndani ya bawa la ndege nyingine, Gashe aliita mara nyingi mno.

"Hirut!"

"Nipo, Gashe."

Muda haukupita. "Hirut!"

"Nipo, jamani! Nikifa nitakuambia."

"Umekula nini asubuhi?"

"Mkate na chai."

"Chai ya nini?"

"Gashe!"

"Nijibu. Anayeota husema 'nipo' vizuri kabisa. Mimi nilikuwa namjibu Ferhan hivyo hivyo."

Ndani ya bawa mlio wa spana ulikoma. Ferhan, aliyekuwa akipita na ngazi begani, alisimama.

"Ya mdalasini," Hirut alisema.

"Haya. Endelea na cha tisa."