Jina Nililolikata kwa Kalamu Nyekundu

Kabla sijapelekwa vitani nilikuwa mtu wa status za WhatsApp. Siku ya mwisho ya likizo yangu, Musoma, niliamka nikapiga picha chai. Nikapiga picha bodaboda iliyonitoa Bweri hadi Mukendo, kisha sato niliyemnunua huko: akiwa mbichi, akiwa kikaangoni, na akiwa miiba mitupu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wewe Vero, unapigaga picha hata miiba? Huko jeshini hawakupagi kazi?"

Nilimpiga picha na yeye, akanirushia kitambaa cha jikoni. Hiyo nayo niliirusha status.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nchi jirani, ng'ambo ya mpaka wa magharibi, kwenye kikosi cha kulinda amani mahali ambapo amani yenyewe haikuwapo. Simu zetu zilikaa kwenye sanduku la chuma. Jumapili mchana tulipewa saa moja tu. Kwanza askari aliandika kwenye karatasi kila alichotaka kutuma, iwe kwa mkewe au Facebook. Karatasi ikasomwa, ikapigwa mhuri, ndipo akayaandika maneno yale yale kwenye simu, mbele ya msomaji. Msomaji nilikuwa mimi. Kapteni wetu, mtu wa Songea, alinichagua kwa sababu askari wengi walikuwa wa mkoa wetu wa Mara, na mimi nasikia Kizanaki cha baba, Kikurya cha mama na Kijita cha majirani. Alinipa kalamu nyekundu na amri moja: pasitajwe mahali, idadi, safari wala hali ya hewa.

Hapo kwenye hali ya hewa nilicheka. Kapteni hakucheka. Alinieleza kwamba askari mmoja wa kikosi kilichotutangulia aliweka Facebook picha ya matope, akaandika kwamba mvua imewakwamisha. Adui naye alikuwa na simu. Kesho yake magari yaliyokwama yalishambuliwa. Tuliyaona mabaki yake kila tulipokwenda kuteka maji, na sikuicheka tena amri ile.

Niseme ukweli, kazi ile niliipenda. Jumapili niliisubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Mjanja mmoja wa Tarime aliandika kwa Kikurya kwamba ng'ombe kumi wa shemeji yake watavuka mto Jumanne. Nikamuuliza ni shemeji yupi. Akakiri kwamba ng'ombe hao ni magari yetu. Niliwakata ng'ombe wote kumi, na jioni alizunguka kambi nzima akisema Vero ni nuksi. Nilifurahi kama nimepandishwa cheo.

Magesa alikuwa dereva, mtu wa Kabasa, kule Bunda, ambako mkewe Sabina aliuza vitenge. Jumapili moja alikuja kwangu akikimbia kwenye tope, karatasi ameificha chini ya kofia isilowe. Mtoto wao wa kwanza alikuwa amezaliwa Alhamisi, na habari ilitufikia kupitia makao makuu. Kambi nzima ilimshangilia. Tulipiga masufuria kwa miiko, wengine wakatoka kucheza kwenye mvua, maana ilikuwa siku ya nne mvua haijapumzika. Kwetu Mara ulikuwa msimu wa kiangazi, vumbi tupu.

Aliandika hivi: "Sabina mke wangu, mtoto aitwe Wambura. Waambie ukoo wote kwenye grupu."

Niliposoma, furaha ilinipanda. Wambura ni mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Kapteni asingejua, kwake lingekuwa jina kama majina mengine. Lakini mtu yeyote wa kwetu angeuliza: mvua ipi, na huku Bunda visima vimekauka? Na grupu la ukoo lilikuwa na watu ambao hata Magesa hakuwajua wote. Nilikuwa nimenasa kitu ambacho msomaji wa kutoka kwingine asingekinasa kamwe. Nikakata.

"Dada, hilo ni jina," Magesa alisema.

"Ni hali ya hewa."

"Mimi naitwa Magesa kwa kuwa nilizaliwaga wakati wa kuvuna. Baba hakuomba ruhusa kwa mtu."

"Baba yako hakuwa vitani."

Akaomba karatasi nyingine. Safari hii aliandika kwamba mtoto asipewe jina na mtu yeyote, baba yake atakuja nalo mwenyewe. Zamu yetu ilibakiza wiki tatu. Nikapiga mhuri. Tulicheka wote wawili, akaniahidi kwamba siku ya ubatizo nyama yangu itakatwa kwa kalamu nyekundu.

Jumatano asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya uji.

Kombora la kwanza lilianguka nyuma ya jiko.

La pili lilipiga kwenye magari. Nililala chini, mdomo umejaa tope.

Kisha kukawa kimya, na Kapteni akaanza kuita majina, mmoja mmoja. Watu wakaitika.

Magesa hakuitika.

Lori la mafuta alikuwa ameshaliondoa katikati ya mahema yetu lisitulipukie. Yeye hakuwahi kushuka kabla ya kombora la pili.

Adui alitupataje, hatukuambiwa, na sidhani kama kuna anayejua.

Miezi mitatu baadaye nilishuka Kabasa. Niliona aibu, kwa sababu pamoja na huzuni yote nilikuwa na shauku. Nilikuwa nimebeba jina la mtoto, na nilitaka kulifikisha. Sabina alinipa kiti na soda. Mtoto alikuwa amelala mgongoni kwake. Nikauliza anaitwa nani.

"Magesa," alisema. "Tulimwita Mtoto, Mtoto, tukisubiri. Baada ya msiba ukoo ukampa jina la baba yake."

Nilimwambia hata hivyo. Nilisema Wambura, nikaona jinsi alivyoshtuka.

"Kumbe huko kulikuwa na mvua?"

"Siku nne."

"Mbona hakuniandikia?"

"Aliandika. Nilikata mimi."

Nilimweleza kazi yangu ya kalamu nyekundu, akaomba aione karatasi. Karatasi zote zilichomwa kila Jumapili, ndivyo ilivyoagizwa. Basi akanitaka niyaseme maneno ya mumewe kama alivyoyaandika. Nikasema. Akanitaka niyarudie, nikayarudia.

"Ungeliacha tu, dada," alisema. "Lilikuwa jina."

Nimeacha jeshi, nina duka la pembejeo Butiama. Suala hili nimelipima mara nyingi. Amri ile ilikuwa na sababu, mabaki ya yale magari niliyaona kwa macho yangu, na kwa amri ile nilikata sawasawa. Lakini Magesa alikuwa na kitu kimoja cha kumpa mwanawe, na mimi nilikizuia huku nikijisifu. Yote mawili ni kweli, na la pili linaniuma zaidi.

Mwaka mzima Sabina hakunitafuta. Kisha mchana mmoja simu ikalia nikiwa dukani, nikaona jina lake. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Huku Kabasa inanyesha. Wambura yuko nje anacheza."

Tangu hapo huniandikia kila mvua inaponyesha kwao. Siku nyingine zote mtoto ni Magesa. Namjibu hapo hapo, hata kama nina wateja. Naandika mahali nilipo na hali ya hewa.