Nyar Karungu Alikataa Kumzika Mwanawe Uchi

Zamani mzigo ukikosea mlango ulilala pale pale ulipowekwa, na mwenye mlango ndiye aliyezunguka boma kwa boma akimtafuta mwenyewe. Siku hizi mzigo ukikosea mlango unapasuliwa kwanza, kisha mwenyewe anaulizwa ana ushahidi gani kwamba ni wake.

Nasema haya kwa sababu ya Truphena, msokota kamba wa kijiji chetu, upande wa Ndhiwa unaoelekea Migori. Jina hilo la Truphena walilitumia mchungaji na watu wa serikali tu. Sisi tulimwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, alikozaliwa kabla ya kuolewa huku. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vigumu kama nyayo. Mkonge aliupanda mwenyewe nyuma ya nyumba, akaukwangua, akauanika, akausokota pajani mpaka ukawa kamba ya kumfunga fahali wa kulimia. Madukani siku hizi kuna kamba za nailoni, buluu kama chupa ya dawa, zinazochuna shingo ya ng'ombe, na watu hununua hizo kwa sababu zinang'aa. Nyar Karungu hakuacha kusokota.

"Shingo zikioza watarudi," alisema.

Alikuwa na mwana mmoja, Cliff, aliyekwenda Muhuru Bay, kando ya ziwa, kuvua omena, wale dagaa wadogo. Mwaka jana dhoruba iliipindua mashua yao. Wenzake walipatikana, wengine hai, wengine wafu. Cliff hakupatikana. Walimtafuta mpaka maji ya Tanzania, wakarudi mikono mitupu.

Wazee wetu walijua la kufanya ziwa linapokataa kumtoa mtu. Lilikatwa tunda la mwegea, lile refu na zito ambalo sisi tunaliita yago. Lilivalishwa nguo za marehemu, likaliliwa kama mtu, likazikwa ndani ya boma lake. Baada ya hapo marehemu alikuwa na kwao, na mama yake aliweza kulala. Vijana wetu, wanaolia machozi wakitazama mpira kwenye simu, walicheka waliposikia habari ya tunda. Mchungaji naye alisema hawezi kuombea tunda.

"Basi mwombee Cliff," Nyar Karungu akamwambia. "Tunda nitalibeba mimi."

Tunda lilikatwa, likalazwa chini ya ghala. Zilizobaki ni nguo. Hizo zilikuwa Muhuru Bay, katika chumba alichopanga Cliff. Mwenye chumba alikuwa Suleman, Mwislamu mwenye duka huko, mtu wa kutoka mbali asiye na undugu wowote nasi. Siku aliyopiga simu nilikuwa nimeketi na Nyar Karungu, nikasikia kila neno, maana simu yake ilipiga kelele kama redio.

"Shikamoo mama. Nguo za kijana nimezikunja zote. Na koti lake lipo, lile la buluu."

"Koti lina kiraka kwapani?"

"Lina kiraka cha kahawia, mama."

"Ndilo. Kiraka hicho ni kipande cha suruali ya baba yake."

"Nimezitia kwenye gunia nikalishona mdomo. Kesho naliweka kwenye gari la Ndhiwa. Mungu ampokee."

Gunia lilifika Ndhiwa salama. Kutoka hapo lilibebwa na Ken, mwendesha boda mgeni wa njia zetu, aliyeambiwa alipeleke boma linalofuata baada ya mashine ya kusaga. Boma hilo ndilo la Nyar Karungu. Lakini kwake hakuna geti. Kuna ua wa minyaa na mwanya wa kupitia. Ken akadhani ni shamba la mtu, akapita, akabisha kwenye geti jeusi la chuma lililo mbele yake. Tumefika huko: mtu asiye na geti hahesabiwi kuwa na boma.

Geti jeusi ni la Japheth, mwenye ile mashine ya kusaga. Japheth alitia sahihi ya kupokea, akaliingiza gunia ndani, akafunga.

Nyar Karungu alingoja. Alipochoka kungoja alimtafuta Ken, na Ken, ambaye si mtu mbaya, akamwonyesha geti kwa kidole. Nyar Karungu akaniomba nimsindikize. Tulimkuta Japheth ameketi kivulini mwa nyumba yake, na mkewe Benta kando yake anapepeta mtama.

"Japheth, nimefuata mzigo wangu."

"Mzigo gani tena, Nyar Karungu?"

"Gunia lililoshonwa mdomo. Ken amesema alikuachia wewe."

"Ken hubeba mizigo ya dunia nzima. Mimi huletewa vitu vyangu kutoka Kisumu kila mara. Kilicholetwa hapa ni changu, na sahihi ni yangu."

"Ndani mlikuwa na nini?"

"Mambo ya mwanamume hayo. Hayaulizwi na jirani."

Benta akasimamisha ungo. "Baba Terry, mwambie mama wa watu ukweli."

"Wewe pepeta!"

Benta akapepeta, lakini makapi yote aliyaelekeza kwa mumewe.

Tulikwenda kwa Maranga, naibu wa chifu. Huyo nilimjua akichunga mbuzi. Sasa ana kofia.

"Una risiti, mama?" akauliza.

"Iko kwa aliyetuma, Muhuru Bay."

"Basi mimi naona sahihi ya Japheth. Serikali inafuata sahihi."

"Na mimi nifuate nini?"

"Nenda nyumbani, mama. Poa kidogo."

"Mimi si uji, Maranga."

Ndugu za marehemu mumewe nao wakaanza kumsukuma. Tunda linakauka, walisema. Watu wana kazi zao. Zika tunda hivyo hivyo, nguo ni nguo tu. Mmoja alijitolea kununua fulana mpya sokoni. Nyar Karungu alimtazama mpaka akaanza kukuna shingo.

"Fulana ambayo Cliff hakuivaa itamjua vipi? Sitamzika mtoto wangu uchi. Na sitamzika ndani ya nguo za mtu mwingine. Tunda likikauka, nitazika lililokauka, lakini limevaa."

Siku ya soko ilikuwa na manyunyu na baridi. Nyar Karungu alikuwa nyuma ya lundo lake la kamba, nami nimekaa karibu naye. Japheth akaja akitembea katikati ya soko, tumbo mbele, amevaa koti la buluu. Mpaka leo sijui kama kilikuwa kiburi au upumbavu. Labda alidhani koti la buluu ni koti la buluu. Aliinua mkono kumsalimu muuza ndizi, na kiraka cha kahawia kikaonekana kwapani.

Nilidhani Nyar Karungu atapiga mayowe ya mwizi. Badala yake alikimbia mikono imenyooka mbele, akamkumbatia.

"Cliff! Wuoda! Mwanangu amerudi!"

Soko zima likageuka kutazama.

"Nyar Karungu, usinichezee," Japheth alisema. "Mimi na wewe ni rika."

"Ziwa limekuzeesha, mwanangu. Geuka nikuone. Tumbo hili ulilipata wapi, kwenye omena?"

Wauza nyanya wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Cliff, msalimie mama yako vizuri!"

"Koti nimelinunua!"

"Wapi, mwanangu?"

"Kisumu!"

"Na huyo muuzaji wa Kisumu aliipata wapi suruali ya mume wangu?" Alimwinua mkono kama mtu anayekagua mbuzi, akakionyesha kiraka. "Haya. Umevaa nguo zako, sasa twende nyumbani. Paa linavuja na shamba halijalimwa. Jembe linakungoja pale ulipoliacha."

Japheth alijichomoa, akaondoka kwa hatua ndefu, na vicheko nyuma yake. Tangu siku hiyo wanawake waliopeleka mahindi kwenye mashine yake walimwambia, "Cliff, nisagie laini." Lakini gunia hakulitoa. Benta ndiye aliyetuambia sababu: mumewe alisema akilitoa sasa, atakuwa amekubali kwamba aliiba. Angalau mwizi wa zamani alijua kwamba ni mwizi.

Hapo Nyar Karungu aliacha kuomba. Asubuhi iliyofuata alilifunga tunda kwa shuka nyeupe, akalibeba kichwani. Alitokea kwenye mwanya wa minyaa akiimba wimbo wa msiba, akazunguka kijiji kizima kwanza, na kila tulipopita boma, mtu mmoja au wawili walitoka wakafuata. Wengine walifuata kwa huzuni, wengine kwa udaku. Aliwaambia wote jambo moja tu: chukueni majembe. Nami nilichukua langu.

Alilishusha tunda mbele ya geti jeusi.

"Japheth! Fungua. Tumemleta Cliff."

"Mpelekeni kwake!" sauti ikajibu kutoka ndani.

"Kwake ni wapi? Nguo zake zinakaa hapa. Mtu huzikwa zilipo nguo zake. Kama hazitaki kumfuata Cliff, Cliff atazifuata."

Kisha tukasikia komeo likivutwa. Aliyefungua ni Benta. Alisimama pembeni kama mwenyeji anayekaribisha wageni wa msiba. Nyar Karungu akaingia na tunda lake, akatembea mpaka mbele ya mlango wa nyumba kubwa, akakwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Hapa. Chimbeni."

Nilipiga jembe la kwanza mimi mwenyewe, na mgongo wangu huu. Sikuwa natania, na hakuna aliyekuwa anatania. Huku kwetu kila mtu anajua kaburi ni nini. Geti linang'oka. Hati ya shamba inaweza kuchapwa nyingine. Lakini mtu wa ukoo mwingine akishazikwa bomani mwako, watu wake watakuja kufyeka nyasi juu yake, na watoto wa watoto wao watasema mzee wetu amelala hapa, kwa hiyo hapa ni petu. Vijana waliocheka tunda walikuwa kwenye ua wakitazama, na safari hii hawakucheka. Hata wao hilo walilijua.

Japheth alitoka amevaa fulana ya ndani.

"Simamisheni! Mna wazimu nyinyi?"

"Tuna msiba," nikamwambia, nikapiga jembe tena.

"Jaduong', mzee wetu, wewe mtu mzima!"

"Ndiyo maana nachimba polepole."

Akamgeukia mkewe. "Mama Terry, waambie watoke!"

"Niwaambie nini? Nyumba ina matanga. Naenda kubandika sufuria, wageni ni wengi."

Japheth alitazama jembe, akatazama shuka nyeupe. Akaingia ndani. Alirudi na gunia, mshono umekatwa kwa kisu, na koti la buluu juu yake. Alitaka kulitupa miguuni mwa Nyar Karungu.

"Hapana," alisema Nyar Karungu. "Suleman hakulitupa. Nipe mkononi."

Akampa mkononi. Nyar Karungu alichutama, akatoa nguo moja moja, akinusa kila moja. Suruali, shati, kofia ya sufu. Alipofika mwisho akainua macho.

"Mshipi wa mtoto wangu uko wapi?"

Mkono wa Japheth ulishuka wenyewe kiunoni, na sote tukaona. Aliufungua mshipi mbele yetu sote, akauvuta, akautoa kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibaki umeshika suruali.

"Sasa tunaweza kwenda," Nyar Karungu alisema. "Cliff, twende kwetu."

Kabla hatujafika getini Japheth alikuwa anafukia lile shimo dogo kwa mguu.

Tulimzika Cliff mchana huo, ndani ya ua wa minyaa. Mama yake alilivalisha tunda mwenyewe: shati, suruali, mshipi, na koti juu, kiraka kikiwa ndani kwapani kinakostahili kuwa. Kichwani akalivika kofia. Mchungaji alikuja bila kuitwa, akasimama mbali kidogo, akaomba. Sijui alimwombea nani. Nyar Karungu alitupa udongo wa kwanza, kisha akaketi chini akalia kwa sauti, kilio alichokuwa amekizuia tangu habari ya mashua ilipofika.

Zamani jambo kama hili lisingeishia hapo. Wazee wangewaita wote wawili, mwenye kosa angeleta mnyama, wangekula sahani moja, na kesho yake wangeazimana moto. Nilijaribu. Nilikwenda kwa wazee waliobaki. Mmoja alisema anasikiliza habari redioni, mwingine alisema twende kwa Maranga. Nilipomgusia Nyar Karungu mwenyewe, aliniuliza kama nimekosa watu wa kula nao. Sikumlaumu. Wazee wenyewe waliniacha njiani. Ningemwambia akale na Japheth kwa kauli ya nani?

Mvua zilipoanza binti yangu alinichukua, akanileta hapa Migori mjini, ninapokaa nyuma ya geti kama kuku wa kununuliwa. Kabla ya hapo niliwaona wote wawili pamoja mara moja tu tena, siku ya soko. Ng'ombe wa Japheth alikuwa amevimba shingo kwa nailoni. Daktari wa mifugo alimwambia atafute kamba ya mkonge. Anayeisokota eneo lote lile ni mmoja. Japheth alikuja akasimama mbele yake, na lundo la kamba lilikuwa kati yao, limefika magotini.

"Nyar Karungu, nauliza kamba."

Alikuwa anasokota nyingine pajani. Hakuinua kichwa.

"Zimeisha."

Japheth alilitazama lundo. Alinitazama na mimi. Mimi nikatazama lundo, kisha nikamwambia kwamba kweli, kama anavyoona, zimeisha. Alisimama pale muda, mikono mifukoni, na Nyar Karungu akaendelea kusokota.