Ukweni Mpui walinipikia wali kwa sababu ya macho yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili limenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata kidogo.

Mimi ni Mfipa wa Izia, Sumbawanga. Baba alikuwa Mchina aliyekuja kujenga barabara, akaondoka mama akiwa na mimba yangu. Amenilea bibi mzaa mama, na Kifipa ndiyo lugha yangu ya kwanza.

Sasa haya macho na nywele, wakuu! Mtaani jina langu ni Mchina tangu utoto.

Nilipoenda kusoma Dar nikaingia duka la Mchina halisi, nikachangamka kama nimemwona shangazi. Akanikazia macho, akasema, "Wewe Mwafrika." Yaani nabadilika kutegemea basi nililopanda.

Tuje kwenye ishu yenyewe.

Mwaka huu mchumba wangu, Erasto, alinipeleka kwao Mpui nikaonwe na mama yake. Mama ndiye mwenye kauli pale, akikataa hakuna ndoa.

Nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama bibi alivyonifunza, nikamwamkia. Mama akaduwaa. Akaitikia haraka haraka, akanikalisha peke yangu kwenye kiti cha plastiki.

Nikataka kuingia jikoni, maana mkwe mtarajiwa asiyegusa mwiko kwetu ni aibu. Ndugu zake wa kike wakanirudisha. "Kaa tu mgeni, moshi utakuumiza."

Chakula kikaja. Wenzangu mkekani, ugali wa ulezi, maharage na samaki wa migebuka. Mimi nikawekewa stuli: wali, mayai ya kuchemsha, kijiko na soda.

Ni heshima kubwa, najua. Ila iliniuma mno. Nikajiona nimeshakataliwa kwa adabu.

Erasto anajifanya anatafuta mwiba kwenye samaki. Wanaume nyie!

Nikashuka kwenye kiti, nikakaa mkekani.

"Mama, naomba ugali."

"Jamani, mwanangu, si nyie Wachina hamli ulezi?"

"Mama, huyo Mchina mimi simjui hata sura. Nimekuzwa na ulezi."

Machozi yakaja mbele ya ukoo mzima.

Mama akanisogezea maji ya kunawa.

"Nisamehe. Sijalala vizuri tangu niambiwe unakuja. Nilisema huyu akiona nyumba yetu atatucheka, halafu atamchukua mwanangu asirudi tena."

Kumbe naye alikuwa ananiogopa! Nikamhurumia, wakuu. Tukala sahani moja.

Mara jirani akachungulia mlangoni. "Nimekuja kumwona Mchina wenu."

Mama hakuinua hata kichwa. "Hapa hayupo. Huyu ni mkwe wangu, anakula."

Nilichojifunza: hizi asili tunagawiwa na macho ya watu, hakuna anayezaliwa anazijua. Ila maumivu yake ni ya kweli kabisa, na anayekugawia naye mara nyingi ana hofu zake.

Wenye sura zinazobishana na makabila yao, na nyie mliowahi kuwa upande wa mama, hebu tuambieni yaliyowakuta.