Benchi Lililopewa Mabega

Kanisa letu halikuwa na jina, na hilo ndilo lililotuponza.

Mjini Mtwara miaka ile mtu akikuuliza unasali wapi alitaka jibu la neno moja. Sema misheni ya Wajerumani, au sema misheni ya Waingereza, akujue, akuache uende zako. Sisi tulijibu, "Tunasali tu." Hapo hapo macho yalibadilika. Balozi wetu wa nyumba kumi alinikuta bombani siku moja akaniambia, "Binti, mtu asiye na dhehebu ni kama mtu asiye na kabila. Kuna anachoficha."

Nikacheka. Mimi kucheka sijambo. Lakini ndoo ilipokaa kichwani nikaanza kuona kwamba kwetu hata ukiwa na madhehebu mawili hayakusaidii. Mama alilelewa na misheni ya Waingereza, baba misheni ya Wajerumani. Walipooana kila upande ulinuna. Baba alipofariki, upande huu ulisema si wetu, ule ukasema alishatuacha, na jua lilikuwa linapanda. Waliokuja kumchukua ni majirani, Waislamu wakulima wa mihogo, waliotoka mashambani na udongo miguuni. Walipokezana mabega mpaka kaburini bila kumuuliza mtu chochote. Nilikuwa mdogo, lakini migongo ile naikumbuka hata leo.

Ndiyo maana nilipohamia kwa shangazi mjini, nikapata kazi ya kumimina chai katika mgahawa wa wafanyakazi wa bandari, na mteja mmoja akaniambia kuna watu wanasali bila kuulizana misheni, nilikwenda mbio.

Mteja huyo alikuwa mwendesha winchi pale bandarini, mtu wa kutoka nyanda za juu, mrefu, mwenye sauti ya kupakua mizigo. Ibada ilianzia sebuleni kwake, kwenye kota za bandari. Sebule ikajaa, tukakaa barazani. Baraza likajaa, akasema, "Hatujengi kubwa. Tunaongeza." Tukaongeza Naliendele, kwenye ghala tupu la mwalimu mmoja. Tukaongeza Nanyamba, kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Desturi ilikuwa hii: mahali papya panapewa benchi na mahali palipotangulia. Sebule iliwapa Naliendele, Naliendele wakawapa Nanyamba. Ukiona watu wetu wanachonga mbao, ujue kanisa lina mimba.

Na kila Alhamisi baada ya kazi, wale watakaosema Jumapili walikusanyika kwa mtu wa winchi, naye aliwafundisha neno moja mpaka walijue kwa moyo. Kwa hiyo Jumapili, mjini, Naliendele na Nanyamba, watu walisikia neno lile lile. Mimi nililiona jambo zuri ajabu. Nilikaa nikiota mchana kweupe kwamba siku moja neno litatoka mtu mmoja mdomoni na kufika mpaka mdomo wa Ruvuma, kama moto wa kuni unaoombwa nyumba kwa nyumba.

Wenzetu hawakuliona hivyo. Ng'ambo ya mto Wareno walikuwa bado wanapigana na wenye nchi yao. Mgambo walilala macho wakitafuta majasusi. Balozi alikuja kwa mtu wa winchi Jumapili moja mchana, akasimama mlangoni.

"Ndugu, nyinyi mko sehemu tatu. Simu hamna. Mnasemaje maneno yale yale saa ile ile?"

"Tunafundishana, ndugu balozi."

"Nani anawatumia?"

"Roho Mtakatifu."

"Anatumia redio gani?"

Akaingia, akainama kutazama uvunguni mwa viti. Alimkuta kuku anaatamia, akadonolewa mkono. Tulicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka, na alipotoka alizunguka nyuma ya nyumba kutazama kama kuna waya juu ya paa.

Nitasema kweli, na mimi nilikuwa na langu moyoni. Mtu wa winchi alikuwa akifunga madirisha anapotaka kuomba. Joto lote lile, anafunga. Tena kila mgeni alimuuliza: kwenu kijiji gani, barabara inapitia wapi, mwenyekiti wa kijiji ni mtu wa namna gani. Yalikuwa maswali ya mtu anayepanga. Anapanga nini? Shangazi alisema, "Mchunguze huyo. Mtu anayependa kanisa liongezeke, muulize anataka liongezeke mpaka wapi." Nikamjibu shangazi, wewe una wivu. Lakini nilianza kuyahesabu yale madirisha kwa macho kila nilipoingia.

Sikumuuliza, kwa sababu alikuwa ameniahidi. "Benchi linalofuata," alisema, "ni la kijijini kwa mama yako."

Mama alikuwa amehamishwa na operesheni ya vijiji, akapelekwa mbele ya Madimba, kuelekea mtoni. Kiwanja alipewa, shamba alipewa, watu hawakuwa wabaya. Ila Mkristo alikuwa peke yake. Jumapili alijifungia ndani akasali kwa kunong'ona. Sasa fikiria: mwanamke mjane, mgeni, kila juma siku ile ile anafunga mlango, ananong'ona peke yake. Mihogo ya jirani ilipooza, maneno yakaanza. Nilipokwenda kumtembelea, alinichemshia ming'oko, vile viazi vya porini, tukala, halafu akaniambia taratibu, "Mwanangu, wananiita jina ambalo sitalitaja."

Alikuwa ameshakwenda kwa mwenyekiti kumweleza. Mwenyekiti alimsikiliza akasema, "Waje hao wenzako mnaosali nao, tuwaone. Jambo lenu likiwa la wazi, mtasali. Nikinusa ujanja, mtaondoka wote, na wewe pamoja nao." Aende wapi? Kijiji chake cha zamani kilikuwa kimeshavunjwa, kimebaki minazi na magugu.

Basi siku ilipofika tulipanda lori la korosho, tukateremshwa Madimba na benchi letu. Tulikuwa mtu wa winchi, yule mwalimu wa Naliendele, vijana wawili wenye nguvu wa Nanyamba waliolitoa benchi, na mimi na furushi la vyombo vya chai. Kutoka hapo ni miguu.

Hilo benchi lilikuwa limepakwa mafuta ya maganda ya korosho miguuni, kwa ajili ya mchwa. Mafuta hayo yakikugusa kabla hayajakauka yanaunguza ngozi, na yalikuwa hayajakauka. Kwa hiyo wanaume walilipindua, miguu juu, ubao mabegani. Na ili miguu isimpake mtu, mwalimu akatandaza mkeka juu yake, na juu ya mkeka shuka jeupe la nyumbani kwake. Tukaenda. Wanaume wanne mbele, hatua sawa, na mimi nyuma nikiwa kimya kwa sababu ya mzigo kichwani.

Sikuona kitu. Walioona ni watu waliokuwa wakipalilia shamba la ujamaa kando ya njia.

Majembe yalisimama. Wakaacha mistari yao, wakaja barabarani wakijifuta mikono. Mmoja akaingia mbele kumpokea mwalimu, mwingine akampokea kijana, na yule wa kwanza hakukaa hata kidogo kabla hajapokewa na mwingine. Kofia vichwani, miguu mitupu, na mwendo ukawa wa haraka. Hakuna aliyesema neno, wala aliyeuliza. Nikadhani ni ukarimu. Nikafurahi! Nikawaza, tazama mapokezi haya, kumbe walikuwa wakitungojea.

Halafu nikamsikia mmoja akisema chini kwa chini, "Inna lillahi."

Nikalitazama lile shuka jeupe lililosimama juu ya miguu minne. Nikaona wanachokiona wao.

Nilimkimbilia mtu wa winchi. Alikuwa ameachwa pembeni, bega tupu, anatabasamu.

"Kaka, hawa wanadhani tuna maiti."

"Najua."

"Tuwaambie!"

"Nyamaza, dada. Tukiingia kijijini na watu hawa wametubeba, nani atatufukuza? Mungu ametupa mabega."

 Nikayakumbuka madirisha. Nikamkumbuka na mama pia, anayetusubiri mbele kule, na nikajua kwamba nikifungua mdomo hapa huenda nikamvunjia nyumba. Nikatembea. Nikasema moyoni, hata hivyo hatukusema uongo.

Ndipo nikamwona mzee mmoja mwenye matende. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba kama gunia dogo. Alikuwa ameachwa nyuma shambani, na sasa anatufuata kwa kuchechemea, anahema, jasho linamtiririka, ananyoosha mkono ili naye aipate zamu yake kabla maiti haijafika. Hakutaka kuikosa thawabu. Hata baba alibebwa na watu wa namna hii.

"Jamani!" nikapiga kelele. "Jamani wazee wangu, si maiti! Ni benchi!"

Msafara ukasimama.

"Nini?"

"Benchi. La kukalia."

Wakaliteremsha polepole, kama bado hawaamini. Kijana mmoja wa mgambo akafunua shuka, akagusa mguu wa benchi, akaunusa weusi uliobaki kidoleni, akaufuta upesi kwenye kaptula.

"Limekufa kwa ugonjwa gani?" akauliza.

Mtu mmoja tu alicheka, naye akakatizwa.

"Mmetufanya watoto," alisema mwingine.

"Hatukusema ni maiti," alijibu mtu wa winchi.

"Na hamkusema si maiti."

Mgambo alilipindua benchi, akaligonga ubao kwa ngumi, akasikiliza kama ndani kuna uwazi. Akalipima kwa macho. Akatuambia tufungue furushi langu, akatoa vikombe kimoja kimoja, akatazama ndani ya birika. Wengine walisimama wametuzunguka, na nyuso zile zilizokuwa na huzuni yetu dakika chache nyuma sasa hazikuwa na kitu.

Yule mzee wa matende akafika. Alikaa kwenye benchi pwaa, akaunyoosha mguu wake.

"Mwenyekiti, angalia mafuta," mgambo akasema.

Mwenyekiti! Mama hakuwa ameniambia habari za mguu.

"Mafuta yako miguuni mwa benchi," alisema mzee, "mimi nimekalia ubao. Nani amesema ni benchi?"

Wote wakaninyooshea kidole.

"Wewe ni wa nani?"

"Shikamoo, babu. Mimi ni wa yule mama anayejifunga ndani Jumapili."

Watu wakatazamana. Mzee akaendelea kuukanda mguu.

"Marahaba. Anasema nini mle ndani?"

"Anasali, babu. Anaogopa kusikika."

"Na wewe kwa nini hukuogopa? Ungekaa kimya tungewafikisha."

Nikaanza kulia, na mimi nikilia siwezi kupanga maneno. Nikamwambia baba alivyolala ndani akikataliwa, na nani walikuja kumchukua. Nikamwambia nisingeweza kuwatazama wakibeba ubao huku wakidhani wanapata thawabu ya kumbeba mtu.

Mzee aliacha kuukanda mguu. Kisha akawaambia watu wake, "Hili limepita mabegani mwa kijiji. Kilichobebwa na kijiji ni cha kijiji. Benchi litakaa ofisini." Akanigeukia. "Jumapili mtalitoa nje. Nje, siyo ndani. Mama yako asali kwa sauti, kila anayepita asikie. Na huyu mgambo atakaa hapo pembeni, asikilize."

"Asante, babu."

"Ngoja. Na huyo mrefu?"

"Ndiye kiongozi wetu."

"Alijua kama tumekosea?"

Nikamtazama mtu wa winchi, naye akageuza uso. 

"Huyo asirudi hapa," mwenyekiti alisema. "Asiyejua, tunamfundisha. Aliyejua akanyamaza, huyo simwezi."

Njiani kurudi mtu wa winchi alitangulia mbele yangu mpaka Madimba. Hapo akaniambia, "Dada, wewe huna kifua." Alikuwa anasema kweli, sina. Lakini kwa kuwa yeye hawezi kwenda, na neno la Alhamisi lazima lifike, ilibidi nilibebe mimi. Kwa hiyo nilikaa sebuleni kwake kila Alhamisi, ananifundisha huku anatazama ukuta. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini anafunga madirisha.

"Mbu," alisema.

Ilikuwa bado jua kali, saa tisa. Mpaka leo sijui nilimwamini au la. Kanisa limeendelea kuongezeka, yeye bado anawauliza wageni barabara inapitia wapi, na mimi bado naota, ila sasa naota jicho moja likiwa wazi.

Kijijini kwa mama, Jumapili benchi lilitolewa nje ya ofisi. Mama alikaa upande huu, mgambo upande ule, na nafasi katikati yao ya kukaa watu wawili. Mwanzoni sauti ya mama ilikuwa nyembamba. Ikawa inanenepa kila nilipokwenda. Waliokuwa wakimwita lile jina walipita, wakasikia anawaombea wagonjwa na mihogo, tena ya jirani yule yule, wakaenda zao. Mmoja alisimama siku moja mpaka mwisho, kichwa upande, kama anayesikiliza mnada.

Ibada ikiisha, mgambo aliingia ofisini kutoa taarifa, na mlango ulikuwa wazi.

"Leo ameomba nini?"

"Mvua, mwenyekiti."

"Ya wapi?"

"Ya hapa hapa."

"Una hakika?"

"Ametaja kijiji."

"Haya. Lirudishe benchi ndani."