Baga za Maharagwe kwa Shangazi

Kwetu mtaani Buyenzi mgeni hapewi maharagwe. Maharagwe ni ya sisi kwa sisi: mchana, jioni, na asubuhi yakibaki. Mgeni anapewa nyama, na kama nyama hakuna anapewa soda na maneno mazuri mpaka aage.

Ndiyo maana niliingiwa na hofu binti niliyetaka kumuoa aliponipigia simu. Shangazi yake angekuja kwetu Jumapili, ale chakula cha mchana na kututazama. Kwao neno la shangazi ndilo linalofungua mlango wa posa au kuufunga. Na shangazi huyu, tangu arudi kutoka Ubelgiji, hali nyama, wala yai, wala maziwa.

"Iko mugonjwa?" mama aliuliza.

"Apana, mama. Ameamua tu."

"Mutu muzima anaamua hivyo? Nani amemukosea?"

Nina digrii na sina kazi, kwa hiyo nina muda mwingi wa kufikiri. Nikafikiri hivi: tukipika nyama, shangazi ataondoka. Tukipika maharagwe, baba mkubwa ataondoka, tena yeye ndiye mwenye nyumba, fundi wa magari aliyenilea baada ya baba kufariki, na hajawahi kumkaribisha mtu kwa maharagwe. Basi nitapika maharagwe yenye sura ya nyama. Nitapika baga. Shangazi atapata maharagwe yake, baba mkubwa atapata heshima yake, na mimi nitapata mke.

Baga za kwanza zilivunjika kwenye kikaango kabla sijazigeuza.

"Hii ni uji ambao umelala," mama alisema, akila kwa kijiko.

Maji ndiyo yalikuwa adui. Nilichemsha maharagwe mengine, nikayachuja, nikayarudisha kwenye sufuria kavu juu ya mkaa mpaka yakaacha kutoa mvuke. Niliyatwanga kwenye kinu pamoja na kitunguu, thumu, pilipili na binzari nyembamba, nikaongeza unga wa muhogo ili vishikane. Kisha nikaanza kujiuliza: nikitwanga sana, si yatakuwa kama gundi? Nikitwanga kidogo, si yataonekana? Nilitwanga, nikasimama, nikachungulia, nikatwanga tena.

Mama akaninyang'anya mchi. "Wacha! Yamekwisha kufa. Unayaua mara ngapi?"

Hapo ningeridhika, lakini baga zilikuwa na rangi ya vumbi. Nyama, nilijiambia, ina wekundu. Nikakwaruza betirave, kile kiazi chekundu kinachotia doa kila kitu, nikachanganya. Baga zikapata sura nzuri ya kutisha. Mikono yangu ilionekana kama ya mtu anayetafutwa.

Jumapili shangazi alifika kwa miguu kutoka barabara kubwa, kwa kuwa gari la kwao Kiriri, mtaa wa wenye mali, lilikuwa bado kwenye foleni ya mafuta. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye macho ya kuhesabu. Baba mkubwa alijua vizuri tunapika nini. Nilikuwa nimemweleza mara nyingi mpaka akanifukuza gereji. Lakini alipomwona mgeni mlangoni mwake, heshima ikampanda kichwani.

"Karibu, mama, karibu!" alisema akipanua mikono. "Leo tumechinja!"

Shangazi alitabasamu kidogo tu. Mimi sikutabasamu kabisa.

Tuliketi. Nikaleta baga ndani ya mikate, pamoja na kachumbari na ndizi za kukaanga. Shangazi alifunua mkate wake, akakata baga kwa kisu, na maji mekundu yakatiririka polepole kwenye sahani nyeupe. Akaweka kisu chini.

"Mutoto wetu hakuwaambia?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Mi sili nyama."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema ni maharagwe, nimemwita baba mkubwa mwongo mbele ya mgeni, katika nyumba yake. Nikinyamaza, nimemlisha damu shangazi wa mke wangu. Nikatafuta njia ya tatu. Nilifikiri kuzimia. Niliangalia sakafu kuona nitaangukia wapi.

Baba mkubwa, ambaye akiona aibu inakuja huanza kula, akaikamata baga yake kwa mikono miwili na kuuma kwa nguvu. Kutoka upande wa pili wa mkate likachomoka haragwe zima, ambalo mchi haukuligusa kabisa. Likaanguka mezani, likabingirika, likagonga sahani ya shangazi, likasimama.

Sote tukalitazama.

"Muzee," shangazi alisema, "ng'ombe yenu mulimuchinja kabla hajamaliza kutafuna?"

Mama alicheka wa kwanza, kanga ikiwa mdomoni. Baba mkubwa alijaribu kukunja uso, lakini chakula kilimpalia, na tulipomaliza kumpiga mgongoni alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Ni maharagwe, mama," alisema. "Unisamehe. Ningemwambiaje mgeni kwamba ni maharagwe?"

Shangazi aliuma baga yake. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nami nikawa natafuna pamoja naye, mdomo mtupu.

"Nani amepika?"

"Mimi, shangazi," nilisema, nikaonyesha mikono myekundu kama ushahidi.

"Afadhali. Yule wetu hata chai inamuungulia. Nilikuwa nikijiuliza mutakula nini." Akasogeza sahani yake mbele. "Ongeza."

Alikula mbili, na ya tatu akaifunga kwenye karatasi. Tulimsindikiza hadi barabara kubwa. Alipokuwa anaaga alimgeukia baba mkubwa.

"Mukuje na posa yenu, muzee. Lakini nakuomba, siku ile musichinje tena."