Kamba ya Sandarusi

Yule binti wa chuo aliletwa kwetu kwa mafunzo ya field, soko la mahindi Kibaigwa, miaka ile magunia ya katani yalipoanza kupotea yakaja ya sandarusi, yale ya plastiki. Alishinda jalalani akiokota yaliyochanika, yale yasiyooza. Aliyachana kwa ukucha wa dole gumba, akayasokota pajani kuwa kamba, kisha akaniomba nivute. Kila kitu aliandika daftarini, hata nilivyoanguka nikivuta.

Mfugaji mmoja akamuuliza, “Mjukuu, hii itamshika ng’ombe wangu?”

“Shikamoo babu. Sijui. Tujaribu.”

Wakamfunga ng’ombe kwa kamba hiyo kwenye kigingi. Ng’ombe alipokurupuka, binti aling’ang’ania kamba, akaburutwa mpaka kwenye malori. Tulimkuta amekaa chini, kiatu kimoja, vumbi hadi kwenye kope, anaandika: “Kamba nzima. Kigingi kimeng’oka.”